Gari lilikosa nguvu kila nilipotaka kulipita lori

Tulikuwa tumeshaiacha Doma, tunaelekea geti la hifadhi ya Mikumi. Mama mdogo alikuwa amekaa mbele, nyuma kumejaa madeli ya samaki niliyopakia alfajiri Feri, soko la samaki la Dar: vibua na changu, barafu juu na chini. Mbele yetu semitrela la saruji lilikuwa linajikokota. Nilitazama mbele, njia nyeupe mpaka kwenye kona ya mbali. Nikawasha indiketa, nikatoka, nikakanyaga mafuta.

Gari likavuta kidogo, kisha likakata. Halikuzima. Injini ilikuwa inanguruma, lakini nguvu hakuna, kama mtu anayepanda ngazi na ghafla magoti yanagoma. Kadiri nilivyokanyaga ndivyo lilivyozidi kufa. Nilikuwa sambamba na matairi ya katikati ya lori, na kule kwenye kona likatokea basi, taa zote zinawaka.

Dereva wa lori ndiye aliyetuokoa. Aliniona, akakanyaga breki, akaniachia nafasi ya kurudi mbele yake kwa mwendo uliokuwa umebaki. Basi lilipita likiacha upepo uliotikisa gari zima. Nilisogea kushoto, nikatoka nje ya lami, nikasimama. Mama mdogo alikuwa ameshika mkanda kwa mikono miwili. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, limezima?" Nikamwambia halijazima, mama. Na kweli lilikuwa linaunguruma taratibu, sindano ya rpm, ile inayoonyesha mizunguko ya injini kwa dakika, imetulia, hakuna taa yoyote iliyowaka kwenye dashibodi. Ukilitazama pale pembeni ya barabara ungesema ni gari zima kabisa.

Naandika haya kwa sababu tangu siku ile mpaka tatizo lilipojulikana ilipita miezi mitatu, na nilitumia zaidi ya shilingi 600,000 kununua vitu ambavyo gari halikuvihitaji. Kilichokuwa kinaumwa kilitengenezwa kwa waya wa mita moja na boliti moja. Fedha inatafutwa. Lile basi ndilo ninaloliota mpaka leo, na najua wapo wengine huko barabarani wanaendesha magari yenye dalili hizi hizi na kuambiwa ni plagi.

Siku ile tulikaa pembeni kama dakika 20. Nilipowasha tena gari lilivuta vizuri kama si lenyewe. Nikavuka hifadhi kwa mwendo wa sabini, moyo mkononi, maana barabara inakatiza mle ndani kama kilomita 50, na ukiharibikiwa humo si mahali pa kushuka na kuanza kuchungulia boneti. Mikumi mjini nikajaza mafuta. Niliona gari limekuwa jepesi, nikajisemea basi, yalikuwa mafuta mabaya. Jioni, taa zikiwa zimewashwa, tulifika mlima Kitonga. Kwenye kona ya tatu likakata tena. Tulipanda mlima wote ule kwa gia ya kwanza na ya pili, malori yakitupita, mpaka Ilula saa nne usiku, samaki wameanza kulegea.

Fundi wa kwanza Dar alinisikiliza kwa dakika mbili. Akafungua boneti, akachomoa waya wa betri, akaniambia tunaiweka kompyuta sawa, isahau yaliyopita. Wakati ule niliona ni utaalamu. Sasa najua alifuta ushahidi. Magari ya miaka hii, hata kama taa ya cheki injini haijawaka, kompyuta huwa imeshaandika mengi: hitilafu inayosubiri kuthibitishwa, na hitilafu ikishathibitishwa huhifadhi na picha ya hali ilivyokuwa wakati ule, mwendo, rpm, mzigo wa injini, joto la maji. Kwa magari mengi, betri ikichomolewa yote yanakwenda. Ni kama kufua shuka kabla polisi hawajafika. Leo mtu akisogelea betri ya gari langu kabla ya kusoma kilichomo, namzuia.

Akabadilisha plagi nne, na koili mbili, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme, alizosema zimechoka. Tukafanya majaribio mtaani: Tabata kwenda Buguruni na kurudi. Gari zuri. Nikalipa. Hapo ndipo kosa la pili lilipokuwa, na lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake. Gari langu halikuwahi hata siku moja kukata nguvu mjini. Kulijaribu mjini ilikuwa sawa na kumpima homa mgonjwa ambaye homa humpanda usiku tu, ukampima saa nne asubuhi, ukamwambia nenda nyumbani.

Safari iliyofuata likakata kabla ya Chalinze.

Fundi wa pili alikuwa na akili zaidi. Alisema injini haipati mafuta, akafunga pampu ya mtumba kwenye tangi. Na gari likapona! Nilikwenda Iringa na kurudi mara mbili bila shida. Nilimsifia kwa kila mtu. Wiki ya tatu, njia ya kwenda juu, karibu na Ruaha Mbuyuni, joto la bonde la mibuyu limepamba moto, nikiwa napanda kilima kidogo tu, likarudia lile lile. Nikalia pale pembeni, kwa kweli. Wauza vitunguu walikuja wakidhani nimefiwa.

Fundi wa tatu ndiye aliyekaribia kunifanya jambo ambalo ningelijutia. Alisema masega yameziba. Kwa wasiojua, masega ni kile kifaa kilicho kwenye bomba la moshi, ndani kina vitundu vingi kama sega la nyuki, vimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu ili kusafisha moshi. Kwa ajili ya hayo madini, masega yana soko. Alisema ayatoe, na yaliyotoka atayanunua yeye. Bei aliyonitajia ilinitamanisha, maana mtaji ulikuwa umeshaliwa na koili.

Sisemi kuwa masega hayazibi. Yanaziba, hasa gari likiendeshwa muda mrefu likiwa linamisi, yaani silinda nyingine haiunguzi mafuta, mafuta yasiyoungua yakaenda kuungulia humo na kuyayeyusha. Na dalili zinafanana kweli: gari zuri mjini, likifika barabara kuu halitaki kuzidi mwendo fulani. Lakini kuziba kunapimika. Unafungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kwenye bomba kabla ya masega, pale kwenye tundu unafunga geji ya presha, unapandisha resi mpaka kama 2500. Bomba lisiloziba linasukuma kidogo sana. Geji ikipanda na kuendelea kupanda, moshi hauna pa kutokea. Kazi ya dakika 15. Nilimwomba apime kwanza. Akasema hana geji, lakini ana uzoefu. Nikachukua funguo zangu.

Aliyenibadilisha mawazo si fundi. Ni yule kaka anayenipakilia nyanya Ilula, ambaye zamani alikuwa utingo wa malori ya Tunduma. Aliniambia, "Dada, sisi gari likisumbua bosi alikuwa anatuambia andika. Kila likifanya, andika saa, andika mahali, andika ulikuwa unafanya nini. Fundi haendeshi na wewe. Karatasi ndiyo inaendesha na wewe." Nikanunua daftari la shilingi 500, nikalifunga kwa rababendi kwenye kizuia jua. Nikisimama tu, kabla sijapiga simu kwa mtu yeyote, naandika.

Safari tatu. Nanukuu baadhi ya niliyoandika, kama yalivyo:

"Saa 5 kasoro, baada ya Melela. Kilima. Tangi robo. Limekata nilipotoka kulipita Fuso. Nimepunguza mguu, limerudi kidogo kidogo."

"Saa 8, Mikumi kwenda Mbuyuni. Tambarare, 90. Halijakata. Tangi limejaa."

"Saa 1 usiku, Kitonga. Tangi nusu. Limekata vibaya sana. Nimewasha taa za gari."

"Asubuhi Ilula linachelewa kuwaka. Mara ya pili ndiyo linashika."

"Nikiwasha indiketa, sindano ya mafuta inacheza. Inapanda na kushuka pamoja na indiketa. Sijui kama inahusika."

Huo mstari wa mwisho nilitaka kuukata. Niliona ni upuuzi wa dashibodi ya gari kuukuu.

Fundi aliyelitibu gari nilimpata Morogoro, maeneo ya Msamvu, mzee wa makamo ya kustaafu, gereji yake ni mwembe mmoja na mabati manne. Nilimpa shikamoo, nikaanza kueleza. Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Subiri. Usiniambie walichobadilisha. Niambie linavyofanya."

Maswali yake nayakumbuka yote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza hata moja.

Linapokata, rpm inapanda bila mwendo kuongezeka, au rpm yenyewe inakataa kupanda? Ikipanda bila mwendo, shida iko kwenye giaboksi, injini haina kosa. Nikamwambia inakataa kupanda.

Linatetemeka na kurukaruka, au linakufa kimya kimya? Likiwa linatetemeka, na taa ya cheki injini inapepesa, silinda moja au mbili haziungui, hapo ndipo pa koili na plagi. Langu lilikufa kimya, kwa silinda zote pamoja.

Ukipunguza mguu linarudi? Linarudi, mzee.

Tangi linakuwaje? Nikampa daftari.

Alilisoma akiwa amevaa miwani yenye mguu mmoja uliofungwa uzi. Alipofika kwenye mstari wa indiketa alinyamaza, akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma tena ule wa Kitonga usiku. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea kabisa: "Unabeba nini humu nyuma?"

Nikamwambia samaki. Kutoka Feri.

"Na barafu?"

Na barafu.

Hakusema kitu kuhusu hilo. Alinieleza kwanza jambo moja ambalo nadhani kila mwenye gari la petroli la sindano, yaani linalopuliziwa mafuta kwa nozeli, anatakiwa kulijua. Injini ikiwa imetulia pale kituoni, inakunywa kijiko cha mafuta. Hata pampu mgonjwa itakitoa hicho kijiko, na presha itaonekana nzuri. Ukiwa kwenye mwendo wa mia, unapanda, umekanyaga mpaka chini, injini inataka mara nyingi zaidi ya hapo. Hapo ndipo udhaifu unapojulikana. Kwa hiyo presha ikipimwa gereji huku gari limesimama, umepima kijiko tu, hujapima kiu.

Akaanza na mashine ya kusomea. Kulikuwa na namba moja inayosubiri, P0171, ambayo maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haikuwa imethibitishwa bado, ndiyo maana taa haikuwaka. Tukaingia barabara ya Iringa, mashine imechomekwa. Mahali penye kilima aliniambia nikanyage. Akanionyesha usomaji wa sensa ya oksijeni ya mbele: injini ikikanyagwa mpaka mwisho, volti ya sensa ya aina ile inatakiwa ipande kwenye 0.8 au 0.9, kwa kuwa kompyuta inamwaga mafuta kwa wingi. Yetu ilianguka mpaka 0.1. "Hewa inaingia," alisema. "Mafuta hayafiki. Masega waache walale." Masega yakiziba, hewa yenyewe haiingii, na kompyuta inapunguza mafuta kulingana na hewa; mchanganyiko hauharibiki kwa namna ile. Kwa kipimo kimoja, kile kifaa kilichokuwa kinataka kuuzwa kikawa kimeachiwa huru.

Hapo fundi wa haraka angesema pampu. Na ingekuwa pampu ya pili ndani ya muda mfupi. Mzee akasema hapana, pampu ni mtu anayefanya kazi, tuangalie kama anakula.

Kilichofuata ndicho nilichotaka hasa kukisimulia kwa kirefu. Alifunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta chini ya boneti, akatumia hosi ndefu ya mafuta yenye klampu kila mwisho, geji yenyewe akaitoa nje na kuifunga kwa tepu juu ya kioo cha mbele, upande wa kushoto, ili tuione tukiwa ndani lakini mafuta yasiingie ndani hata tone. Mtungi wa kuzimia moto aliuweka miguuni kwa kijana wake. Nyuma alinyanyua kiti, akafungua kile kifuniko cha bati kinachofunika pampu, akachomeka sindano mbili nyembamba nyuma ya soketi ya pampu bila kuichomoa, akaunganisha mita ya umeme. Kisha akakaa pale pale nyuma, kwenye bati tupu, mita mapajani. Kijana mbele anasoma geji, mimi naendesha.

Tulipotoka gereji geji ilisoma bar 3.2. Kitabu cha gari lile kinataka kati ya 3.0 na 3.4. Mita ya nyuma ilisoma volti 12.1, na kwenye betri kulikuwa na 13.9. Mzee akaguna. Nusu saa ya mwendo, tukapita Mzumbe, bado gari zuri. Akaniambia niwashe taa kubwa. 11.5. Niwashe indiketa. Mita ikaanza kucheza, 11.5, 10.9, 11.5, 10.9, kwa mpigo ule ule wa indiketa, na sindano ya mafuta kwenye dashibodi inacheza nayo. Nilihisi nywele zinanisimama shingoni. Kila nilipokuwa natoka kulipita lori nilikuwa nawasha indiketa! Kila nilipokanyaga mafuta kwa nguvu kuliko wakati wote, mkono wangu mwenyewe ulikuwa unaiibia pampu umeme.

Karibu na Melela, kilima kile kile. "Kanyaga." Kijana akaanza kuhesabu kwa sauti: mbili nukta nane, mbili nukta tatu, moja nukta tisa. Gari likafa. Nyuma mzee akasema, "Kumi nukta nne."

Tukaegesha mbali na lami, tukaweka pembetatu zote mbili na matawi. Injini inaendelea kuunguruma. Akagusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, nyingine kwenye waya wa athi wa pampu, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari. Waya wa athi ukiwa mzima, kati yake na betri hakutakiwi kupotea zaidi ya volti 0.2 au 0.3. Mita ilisoma 2.9. Umeme ulikuwa unafika kwenye pampu. Ulikuwa haupati njia ya kurudi.

Akachukua kipande cha waya, ncha moja akaiunganisha kwenye ule waya wa athi, nyingine akaibana kwenye boliti safi ya mkanda wa kiti. Mita ikaruka mpaka 13.2. Akaniambia, "Twende, kanyaga." Nikarudi kilima kile kile. Nikakanyaga mpaka kwenye zulia. Bar 3.2, 3.2, 3.1, 3.2. Gari likapaa. Lile gari nililokuwa nimeanza kulichukia lilipanda kile kilima kama siku niliyolitoa bandarini, na kijana wa mzee akapiga makofi akiwa ameshika mtungi wa moto kwa magoti.

Kabla ya hapo sikuwahi kuona kitu kama kile gereji: ugonjwa unathibitishwa kabla hakijanunuliwa kitu hata kimoja.

Tulirudi Msamvu kutafuta mahali athi ilipofungwa. Ilikuwa chini ya zulia, pembeni ya kiti cha nyuma upande wa kulia, kwenye bati la sakafu. Mzee alipovuta zulia, harufu ya Feri ilitupiga usoni. Maji ya barafu yalikuwa yanavuja kwenye madeli safari baada ya safari, maji yenye chumvi, yanapenya kwenye zulia na kutulia palepale. Jicho la waya lilikuwa limeota kutu ya kijani, laini kama unga. Boliti imebadilika rangi. Plastiki ya waya, kama sentimita nne kutoka kwenye jicho, ilikuwa ya kahawia na imesinyaa. Nilipoigusa ilivunjika kama ganda la karanga. Pampu inavuta kama ampea tano na nusu, volti 2.9 zikipotea kwenye jicho moja la waya, ni joto la wati 16 hivi linalokaa mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Joto linaongeza kutu na kulegeza mshiko, mshiko uliolegea unaongeza joto. Ndiyo maana lilikuwa linahitaji safari ndefu, ndiyo maana likipumzika linarudi. Na kwenye boliti hiyo hiyo zilikuwa zimefungwa taa za nyuma, indiketa za nyuma na geji ya mafuta. Ndiyo maana Kitonga usiku ilikuwa mbaya kuliko Melela mchana.

Na ile pampu ya mtumba iliyoliponya gari wiki mbili? Mzee alisema pampu yenye nguvu inaweza kuvumilia njaa zaidi ya iliyochoka. Kutu haikuwa imelala. Iliendelea kula mpaka na ile nayo ikashindwa. Sikumlaumu tena yule fundi wa pili kama nilivyokuwa nimemlaumu. Alipatia mfumo. Hakupima tu kwa nini pampu ya kwanza ilidhoofika.

Hata suala la mafuta mabaya lilikuwa limeniweka njiani vibaya. Nilipojaza Mikumi siku ya kwanza nikaona nafuu, nikaisema sheli ya Dar kwa watu. Zamani uchakachuaji ulikuwa wimbo wa kila siku, ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010, na ni rahisi kwetu kukimbilia hapo. Lakini pampu ya ndani ya tangi inapozwa na mafuta yanayoizunguka. Tangi likiwa robo na jua la saa sita, pampu inafanya kazi kwa joto zaidi. Nilichokiona Mikumi ni pampu iliyoogeshwa.

Mzee alikata waya mpaka kwenye shaba inayong'aa, akalehemu jicho jipya, akaweka waya mnene zaidi wa athi, akatafuta mahali pengine pa kufunga, juu, mbali na zulia. Akakwangua rangi mpaka bati jeupe, akabana, akapaka grisi juu yake. Zile taa za nyuma akazipa boliti yao. Vyote pamoja na kazi, shilingi 70,000. Nilitaka kuongeza, akakataa, akaniambia hiyo ya kuongeza nikanunue madeli yasiyovuja.

Watu wengi wamenipigia simu tangu niwasimulie haya, na wengine wana dizeli. Kwa dizeli yenye turbo orodha ni nyingine: chujio lenye maji au uchafu, hosi ya turbo iliyopasuka au kuchomoka ambayo mara nyingi utaisikia ikifoka, au kompyuta iliyoamua kulifunga gari mwendo ili kulinda injini. Kwa petroli, kabla ya yote, tazama chujio la hewa, kwa vumbi letu linaziba upesi na kulitazama hakugharimu kitu. Lakini lolote unaloshuku, lipimwe gari likiwa kwenye hali ile ile linapougulia. Fundi akikataa kutoka na wewe barabarani, tafuta mwingine.

Na likikukatia katikati ya kulipita lori, kama mimi: toa mguu, usizidi kukanyaga. Injini inayokosa mafuta inapata nafuu ukiiomba kidogo. Zima wazo la kupita, rudi nyuma ya lori kama bado hujalimaliza, taa za tahadhari zote, kaa kushoto. Likizima kabisa, usukani utakuwa mzito lakini unageuka, uzungushe kwa nguvu. Breki ina akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, kwa hiyo usiipampu, ikanyage mara moja na uishikilie mpaka usimame. Ukiwa na abiria, washushe wote upande wa majani na wakae mbali na gari. Hili nalisema kwa sababu siku ile ya Doma nilimwacha mama mdogo amekaa ndani dakika 20, malori yanapita hatua tatu kutoka mlangoni kwake, mimi niko mbele nachungulia injini ambayo sikujua chochote kuihusu.

Mwezi uliofuata nilimpeleka tena Ilula. Madeli mapya, chini nimetandika turubai, na lile zulia nimelitoa kabisa. Tulifika chini ya Kitonga magharibi, taa zimewashwa. Alianza kushika mkanda tangu tulipovuka daraja. Kwenye kona ya tatu kulikuwa na lori la mbao linapanda kwa mwendo wa miguu, mstari umeruhusu, njia nyeupe. Nikawasha indiketa, nikaitazama sindano ya mafuta. Ilikuwa imetulia tuli. Nikakanyaga.

Tulipokuwa juu, ule upepo wa baridi wa Iringa unaanza kuingia dirishani, mama mdogo aliachia mkanda, akafungua mkoba wake, akatoa karanga.